Maji Yaliyolala

Asubuhi ya siku ambayo mwenzangu alikuwa anarudi nyumbani, niliinama mbele ya tangi lake la kioo nikaokota maiti thelathini na nne kwa kijiko cha chai.

Hazikuwa maiti za kuitia majirani. Kila moja ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, nyekundu kama wino wa mwalimu, imelala ubavu juu ya mchanga kati ya majani aliyoyapanda mwenyewe kwa kibano, moja baada ya jingine. Uduvi. Wale wadogo wa maji baridi. Siku ya kwanza aliponionyesha nilimwuliza, "Sasa hawa unawala lini?" akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Asubuhi hiyo sikuwa na wa kucheka naye. Niliwapanga kwenye kisahani, nikakaa kwenye kiti chake cha cherehani, nikakitazama kisahani.

Yeye ni mshonaji wa mapazia. Mtaa mzima unamwita Bi Mapazia, nami nilimwita hivyo kwa miezi minne kabla ulimi haujazoea kumwita mwenzangu. Mumewe alifariki miaka tisa nyuma. Mwanawe wa pekee, mfamasia, akaoa akahamia kwake. Aliwahi kuniambia, "Nyumba ikawa inanisikiliza, Fundi. Nikiweka kikombe mezani, nasikia kikombe. Nikivua kiatu, nasikia kiatu. Ndipo nikanunua hili tangi. Hawapigi kelele, wala hawanijui. Lakini nikiingia chumbani, najua kuna mtu mwingine yuko kazini."

Kweli walikuwa kazini. Kutwa nzima wanachambua majani kwa vijikono vyao kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha. Mmoja alikuwa na sharubu moja tu, na huyo ndiye alikuwa kipenzi chake. Alipokuwa peke yake alimsimulia habari za wateja.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliipata vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule, na maisha yangu yakafuata mtindo huo huo. Miaka arobaini nimezunguka. Nikimaliza kazi nafunga begi, asubuhi sipo. Ndiyo maana mfamasia hakunipa jina jingine ila Mzee Begi. Nilipomwambia mama yake kwamba nataka kumwoa, kijana alikuja na gari akaketi nami mezani, adabu zote, shikamoo zote.

"Mzee, sina ugomvi nawe. Ila mama yangu ameshazika mmoja. Huyu wa pili akimwacha kwa miguu yake, ataumia zaidi."

"Siendi popote."

"Hilo umeuambia kila mji," akasema. "Tufanye hivi. Mama mkubwa amevunjika nyonga, mama anakwenda kumwuguza wiki tatu. Kaa wewe hapa, uangalie nyumba. Akirudi akakukuta, na nyumba akaikuta, mimi nitafunga mdomo wangu. Naye atakupa jibu lake."

Mwenzangu aliniangalia tu kupitia juu ya miwani, yale macho yake ya kupima kitambaa, na nikaona anaomba nishinde.

Asubuhi ya safari alinipeleka mbele ya tangi. Karibu yake palikuwa na dumu la buluu, limefunikwa kwa kitambaa.

"Maji ya humu ndiyo yao. Ya mvua, nimeyakinga kwenye pipa la uani. Yamelala siku nyingi. Kila jioni glasi moja, taratibu, basi. Usiwape maji mengine."

"Maji yanalala?"

"Yanalala. Mpaka yatulie kabisa. Na ukiona ngozi nyeupe imelala chini usishtuke, ni gamba tu. Wanajivua wakikua."

Nikamwambia sawa. Na nilikuwa nasikiliza kweli, ila nusu ya akili ilikuwa jikoni.

Jiko lile lilinikera tangu siku ya kwanza. Mabomba ya chuma, yamejaa kutu, maji yanatoka kidogokidogo kama mkojo wa mbuzi, rangi ya chai. Miaka tisa mwanamke yule anachota ndoo uani na goti lake bovu. Nami begini nilikuwa na shaba. Kila fundi mzururaji ana akiba yake, na yangu ilikuwa vipande vya bomba la shaba vilivyobaki kazini, huku dhiraa moja, kule shibiri mbili, nimevibeba mji kwa mji miaka yote nikijiambia siku moja nitavitia kwenye nyumba yangu. Begi lilikuwa zito kwa sababu hiyo. Watu walidhani ni nguo.

Basi alipoondoka nilibomoa plasta, nikang'oa chuma chote, nikaunga shaba yangu kipande kwa kipande. Siku kumi na moja. Nilipofungua bomba la jikoni, maji yalitoka meupe kwa kishindo mpaka nikapiga kelele peke yangu. Begi likabaki na mashati mawili na wembe.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliinua dumu la buluu nikaona jani limeelea ndani, na maji yana harufu ya bati. Nikajiambia, maji haya ni ya kumpa kiumbe gani? Nikayamwaga kwenye vyungu vya maua. Nikalijaza dumu kutoka bomba jipya, yale maji masafi yaliyolala usiku kucha ndani ya shaba mpya. Glasi moja kila jioni, taratibu, kama nilivyoagizwa.

Walipoanza kulala chini nikasema, ni magamba, aliniambia. Wengine walikuwa wanazunguka juu ya maji kama watu waliokosa mlango. Juzi nikaingiwa na hofu, nikafikiri labda maji yamechafuka, nikawatilia ndoo nzima ya maji mapya ili wapate nafuu.

Ndoo ile ndiyo iliyowamaliza.

Saa tatu nilikuwa dukani kwa muuza samaki wa mapambo, nimekishika kisahani changu chini ya leso. Mtu mnene, anayeongea na samaki wake zaidi kuliko na wateja.

"Umebadilisha nini?" akauliza, hata salamu hakumaliza.

"Sijabadilisha kitu. Mabomba tu, jikoni."

"Ya plastiki?"

"Ya shaba."

Akafumba macho. "Mzee wangu. Shaba kwa samaki si neno sana. Kwa uduvi ni sumu. Chembe tu."

Nilifanya kazi ya maji miaka arobaini na jambo hilo sikulijua. Nilikaa juu ya gunia la mchanga wake.

"Ni wa Bi Mapazia, siyo?" akasema kwa upole. "Nimewatambua kwa rangi. Hawa wangu wote wametoka kwake, aliniletea kumi, miaka miwili sasa. Njoo uone." Na kweli, tangi la pembeni lilikuwa na wekundu wale wale, wanachambua majani yao. "Wajukuu wa hao wa kwenye kisahani. Nikufungie thelathini. Suuza tangi, tia maji ya mvua, watie. Hatajua."

"Watakufa tena?"

"Shaba imeshaingia mchangani. Watakaa siku mbili tatu. Huenda wiki. Wakifa atasema mwenyewe wameugua."

Sitawadanganya, nilisimama pale muda mrefu. Nilimwona mwenzangu anaingia, anacheka, anafungua bomba, ananiambia ndiyo. Kisha wiki moja baadaye anaokota mmoja mmoja kwa kijiko, akijilaumu kwamba aliwaacha.

"Baki nao," nikamwambia muuza samaki.

Nilipotoka miguu yenyewe ilinipeleka kituo cha mabasi, kwa mazoea. Nilisoma ubao wa safari. Kulikuwa na basi la saa sita na la saa nane. Nikajikaza kisabuni, nikarudi nyumbani kuosha vyombo.

Walifika saa tisa. Mfamasia alishuka kwanza, akaniona mlangoni, akashangaa waziwazi.

"Shikamoo mzee. Kumbe upo!"

"Marahaba. Nipo."

"Na begi lipo?" Akaliona kwenye kona ya sebule, akaliinua kwa utani, mkono ukapanda juu ghafla kwa wepesi wake. "Hee! Vitu vyako umehamishia wapi?"

"Viko ukutani."

Hakuelewa. Mama yake alikuwa ameshaingia jikoni, bado na mtandio wa safari. Nilisikia bomba likifunguka, kisha sauti yake nyembamba kama ya msichana: "Fundi! Fundi, njoo! Haya ni maji?"

Alikuwa amekinga viganja viwili, maji yanamwagika mpaka viwikoni, anajipaka usoni, anacheka na kulia pamoja. "Umefanya haya yote peke yako? Mwanangu, njoo uone alichofanya. Wiki tatu nimekaa kule namwambia dada, yule mtu nitamkuta au sitamkuta? Ananiambia hutamkuta. Fundi, mimi jibu langu ninalo. Nimelibeba tangu..."

"Usinipe jibu," nikasema.

Aligeuka, maji yakidondoka kidevuni.

"Kwanza njoo chumba cha cherehani."

Alijua kabla hatujafika. Alisimama mlangoni, akautazama mchanga mtupu, majani yaliyosimama wima hayana anayeyagusa. Nikampa kisahani. Sikuwa na namna nyingine.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

Akasogeza kwa ncha ya kidole. Alikuwa anamtafuta yule wa sharubu moja. Akampata, akamtenga pembeni.

"Dumu," akasema. "Maji ya dumu yalikwenda wapi?"

"Niliyamwaga. Niliona machafu. Nikatia ya bomba jipya. Bomba ni shaba, na shaba inawaua. Sikujua, lakini uliniagiza na mimi nilijiona najua zaidi yako."

"Nilikwambia yamelala."

"Uliniambia."

"Nilikwambia usiwape mengine."

"Uliniambia, mama."

Mfamasia alikuwa nyuma yetu. Nilingoja aseme lake, maana siku yake ilikuwa imefika. Alikohoa tu. "Mzee, duka la samaki liko barabara ya pili. Ungenunua wengine. Mama asingejua."

"Wako pale," nikasema. "Nilikwenda, nikawaacha."

Akaniangalia kama dawa asiyoijua lebo yake. Kisha akasema yupo garini, akatoka.

Tukabaki wawili. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, kisahani mapajani. Mwanga wa dirishani ulimpiga shavuni na niliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyochoka.

"Nitaing'oa," nikasema. "Shaba yote. Leo leo nayarudisha mabomba ya chuma."

"Uing'oe uipeleke wapi? Uirudishe begini?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. "Iache. Ni kazi nzuri. Goti langu linakushukuru."

"Basi niambie nifanye nini."

"Nenda."

"Nende wapi?"

"Unakojua. Wewe huwa unajua pa kwenda." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikuchukii, Fundi. Ila miaka tisa hii nyumba nimeizoeza mimi. Kila kitu kina maji yake. Wewe umeingia kwa wema, umeharakisha wema, na sasa kimya kimerudi kile kile cha mwanzo. Nakisikia. Wewe hukisikii?"

Nilikisikia. Hata bomba lililosahauliwa jikoni lilikuwa linadondoka tone moja moja.

Nilichukua begi. Pale mlangoni nikageuka nikauliza swali la kifundi, maana sikuwa na jingine. "Tangi likiharibika hivyo, huwa linapona?"

Alifikiri. Kazi ni kazi, hata ukiwa na msiba. "Mchanga wote utupwe, majani yaoshwe, lijazwe maji ya mvua. Halafu wiki sita. Lina mimea na maji tu, hakuna kiumbe. Kila jioni glasi moja. Mpaka lijizoee."

"Nani atakuja kutia?"

"Mimi nipo."

"Goti lako halikubali pipa la uani."

Hakujibu. Niliitafsiri hiyo kuwa ruhusa.

Nilipanga chumba nyuma ya gereji, kitanda na msumari wa kutundika shati. Kila siku saa kumi na moja jioni nilibisha hodi. Siku ya kwanza nilitoa mchanga kwa kikombe, nikausuuza ukoga kwenye kioo. Siku ya pili nikachota pipa la uani, nikajaza. Baada ya hapo ikawa glasi moja tu. Unaweza kujua ni muda gani mtu anaweza kutumia kumimina glasi moja? Nilifika dakika nne. Yeye alishona, mgongo umenielekea, cherehani ikinguruma. Karibu, Fundi. Asante, mama. Haya, kesho. Kesho.

Nilikuwa natia maji mahali pasipo na kitu. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikajikuta naelewa maneno yake. Nikiweka kikombe chini, nilisikia kikombe. Miji yote niliyoihama, sikuwahi kukaa muda wa kutosha kulisikia hilo.

Mara mbili niliitwa kazi ya mbali, yenye malipo mazuri. Mara mbili nikasema jioni nina shughuli.

Wiki ya nne mfamasia alinikuta getini. "Bado unakuja?"

"Bado."

"Amekwambia kitu?"

"Karibu na asante."

Akakuna kichwa. "Kwangu mimi hasemi hata hayo siku hizi. Kila nikipiga simu jioni ananiambia, ngoja, kuna mtu anakuja." Akaingia garini. "Sikukwambia mimi, Mzee Begi."

Siku ya arobaini na mbili, saa kumi na moja, sikubisha hodi.

Nilikuwa dukani. Muuza samaki alinifungia kumi na wawili kwenye mfuko wa maji na hewa, akaniambia hawapendi mwanga wala mtikisiko, niwafunge kwa kitambaa. Nilikuwa nimekuja na begi langu, kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwabebea. Niliwavika shati langu la pili, nikawalaza ndani, nikatembea kama mtu aliyebeba mayai. Njia ya dakika kumi na tano nikaimaliza kwa saa nzima.

Cherehani ilikuwa kimya. Yeye alikuwa nje, amesimama kwenye ngazi na tepu ya kupimia shingoni, mkono umeshika nguzo. Aliponiona uso wake ulifunguka. Kisha akaona begi, ukajifunga.

"Kumbe ndiyo leo," akasema.

"Mama..."

"Usieleze. Umefanya uungwana, umekuja kuaga. Wiki sita ni nyingi kwako, najua." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkataa. "Mimi mjinga, ilipofika saa kumi na moja na nusu nikasema amekwama kazini. Ilipofika saa kumi na mbili nikatoka kuangalia barabara. Miaka tisa sijawahi kuangalia barabara."

Nilipiga magoti pale ngazini, mzee mzima, nikafungua zipu. Nikatoa shati, nikalifunua taratibu. Mle ndani ya maji, vijikono vidogo vyekundu vilikuwa vinachambua mfuko mtupu, vinatafuta.

Aliinama kwa goti lake bovu, akasogeza miwani.

"Ni wangu hawa," akanong'ona.

"Wajukuu wao. Ulimpa kumi yule wa dukani."

"Huwezi kuwatia mara moja. Kwanza waelee na mfuko wao. Halafu maji ya tangi, kikombe kimoja, ungoje. Kingine, ungoje. Saa mbili nzima, Fundi."

"Nina muda."

Akanitazama, yale macho ya kupima kitambaa kabla ya kukata, polepole, mara mbili. Jirani alipita akasalimia, hakuna aliyeitikia.

"Ingia basi," akasema. "Uweke ndani."

"Niweke nini, uduvi au begi?"

"Vyote," akasema, akanishikia mlango.